Jina Lililoshonwa kwa Uzi Mwekundu

Risala ya Umoja wa Walezi wa Wagonjwa, Wodi ya Nne, Hospitali ya Shilukwe, Kakamega, kwa mgeni rasmi, siku ya kufunguliwa kwa lango jipya la hospitali, Ijumaa, tarehe 12 Julai 1996

Mgeni rasmi, Daktari Chepkirui; Mwenyekiti wa Kamati ya Hospitali; Mganga Mkuu; Matroni; wauguzi mliosimama tangu alfajiri; wagonjwa mnaotusikiliza madirishani; nawe uliyeketi nje ya lango nyuma ya cherehani yako: tunawasalimu nyote, kila mmoja kwa jina lake.

Tumesema "kwa jina lake" kwa kusudi. Risala hii ni habari ya jina.

MAKARIBISHO

Daktari, karibu Shilukwe. Tulikuona uliposhuka garini ukanawa mikono kwenye bomba la nje kabla ya kumpa mtu yeyote mkono. Hukuambiwa na mtu. Tulitazamana, tukasema huyu tutamweleza.

Wahenga walituachia usemi: mgeni njoo, mwenyeji apone. Hatujui usemi mwingine unaofaa kuandikwa juu ya mlango wa hospitali kuliko huo. Lakini juu ya lango uliloletwa kulifungua leo kumeandikwa kwa rangi nyeusi: WAGENI WOTE NJE SAA SABA NA NUSU. MGONJWA MMOJA, MGENI MMOJA. HAKUNA KUULIZA. Amri mbili za kwanza tunazielewa. Hiyo ya mwisho ndiyo iliyotusimamisha hapa mbele yako.

Tuliagizwa kuipeleka risala hii ofisini ipitiwe kwanza. Tuliipeleka. Ilirudi jana jioni ikiwa na mistari mingi ya kalamu, na kando yake neno "ondoa" limeandikwa mara tisa. Tumeyasoma masahihisho hayo kwa heshima zote. Sasa tunasoma risala kama ilivyokuwa.

SISI NI NANI

Sisi ni wake, waume, mama, dada na binti wa wagonjwa. Tunatoka Butere, Khayega, Mayoni, Lugari na vijiji ambavyo magari hayavifikii mvua ikinyesha. Ndio tunaoleta uji kwenye chupa ya chai. Ndio tunaomgeuza mgonjwa asipate vidonda vya mgongo, tunaofua shuka, tunaomwita sista maji ya dripu yanapokwisha. Wodi ya Nne ina vitanda thelathini. Jana usiku ilikuwa na wagonjwa hamsini na wawili na muuguzi mmoja. Muuguzi huyo hatumlaumu. Tunamwonea huruma, na tungependa huruma hiyo iwe kwenye kumbukumbu za leo.

Wala hatuzikatai sheria zote za wageni. Iliyo njema tunaishika kuliko walioiandika. Mwenye kikohozi haingii wodini kwetu. Mtoto mwenye upele haletwi. Hakuna anayeketi kwenye kitanda cha mgonjwa, hata awe shangazi aliyetoka mbali na miguu imemfura. Mlangoni tumeweka ndoo yenye bomba na kipande cha sabuni kilichofungwa kamba, kwa kuwa sabuni isiyofungwa ina miguu. Hayo yote tuliyaanzisha wenyewe, pasipo tangazo wala rangi nyeusi.

Tunachokikataa ni kimoja, nacho kina historia yake.

HISTORIA

Jumatatu ya tarehe kumi na tano Aprili mwaka huu, mwanamke aitwaye Nanjala, fundi wa nguo katika soko la Mayoni, alifika hapa akiwa juu ya trela la miwa. Miguuni pake alilala baba mkwe wake, mzee mjane aliyechomwa wayo wa kushoto na kisiki cha muwa, na kwa kuwa ana ugonjwa wa sukari, kidonda kilikuwa kimekataa kupona. Homa ilikuwa imempanda, akizungumza na watu wasiokuwapo. Mwanawe wa pekee, mume wa Nanjala, yuko Voi kwenye kazi ya reli, na alikuwa hajaja nyumbani kwa mwaka na nusu. Dereva wa trekta alisaidia kumshusha mzee, akaondoka kwa sababu kiwanda hakingoji.

Nanjala akabaki peke yake mbele ya dirisha la karani.

"Jina la mgonjwa?"

"Ni Baba Chrispinus."

"Baba si jina. Kwani alibatizwa Baba?"

Watu kwenye foleni walicheka. Nanjala alijifunga leso vizuri kiunoni. "Huyu ni baba mukwe," akasema.

"Sijauliza ni nani yako, mama. Nimeuliza anaitwa nani."

"Anaitwanga Baba Chrispinus."

Karani aliandika Chrispinus. "La pili?"

Nanjala aliinamisha uso, akayatazama matope ya Mayoni yaliyokauka vidoleni mwake.

"Haya, mnatoka wapi?"

"Mayoni."

Karani akaandika Mayoni. Hivyo ndivyo alivyozaliwa mtu aitwaye Chrispinus Mayoni, ambaye hajawahi kuwako duniani ila kwenye kadi ya hospitali hii.

Daktari, hapa tunaomba tueleweke. Nanjala hakusahau jina la mzee, wala hakudanganya. Kwao, kama kwa wengi wa pande hizi, mke hatamki jina la baba mkwe, awe hai au awe kaburini. Jirani akiwa na jina hilo, atamwita mwenye duka la kona. Kijito kikiwa na jina hilo, ataita yale maji ya chini. Tangu siku alipoolewa, miaka kumi na miwili iliyopita, jina hilo halijapita kwenye meno yake. Ni heshima iliyofungwa mdomoni kama wengine wanavyofunga pete kidoleni. Nasi pia, kwa ajili yake, katika risala hii tutasema "Mzee", mpaka tutakapofika mahali ambapo hatuwezi tena.

Heshima hiyo haikuishia mdomoni. Mkamwana hamgusi baba mkwe wala hamlishi. Basi Nanjala alifanyaje wodini? Mzee alilazwa kitanda kimoja na mkata miwa wa Butere aliyekuja na jipu la paja lililokuwa limefika mfupani, kichwa cha huyu kwenye miguu ya yule. Nanjala alikuwa akimimina uji kikombeni, anakiweka juu ya kistuli, kisha anageuka na kutazama dirishani.

"Ndugu yangu," alikuwa akimwambia mkata miwa, "nisaidie mpe babako huyo."

"Babangu alinichapanga," yule alimjibu. "Huyu ni mpole. Nitampa."

Jina la mkata miwa huyo ni Chrispinus Makhanu.

Mnaona tunakoelekea. Laiti wodi ingaliona.

Siku ya tatu, Jumatano, Makhanu alikwenda kuoga. Uji ulikuwa bado wa moto. Filimbi ya askari wa zamu, Bwana Kipsang, ikalia saa saba na nusu kamili.

"Mama, saa imekwisha."

"Ngoja kidogo, askari. Wacha huyu mwenzake atoke bafu ampatie uji."

"Uji haina miguu. Itangoja. Wewe toka."

"Hiyo filimbi yako ni ya mpira ama ni ya wagonjwa?"

Wodi ilicheka, na hata Bwana Kipsang alikunja mdomo. "Ni yako leo," akasema. "Mimi nimeandikiwa sheria. Ungekuwa umeandikiwa wewe, ungepiga filimbi, mimi nitoke."

Nanjala alikifunika kikombe kwa kisahani, akatoka.

Dakika kumi baadaye aliingia sista kijana na sinia ya sindano. Alikuwa ameanza zamu saa hiyo hiyo na alikuwa peke yake. Karatasi yake ilimwambia: Chrispinus, kitanda cha kumi na saba, penisilini. Alisimama kwenye kitanda cha kumi na saba, akaita, "Chrispinus."

Mzee alifumbua macho. Mwaka na nusu alikuwa hajalisikia jina hilo la mwanawe likiitwa karibu naye kiasi hicho. Akainua mkono.

"Amekuja?" akauliza.

"Imekuja, mzee," sista akajibu. "Geuka kidogo."

Baba alimwulizia mwana, muuguzi akajibu habari ya dawa. Kila mmoja alisema kweli yake. Mzee akageuka, akadungwa.

Wa kwanza kuona alikuwa Makhanu mwenyewe, aliporudi na taulo begani. Midomo ya mzee ilikuwa imefura kama iliyoumwa na nyuki, na pumzi yake ikipiga mluzi. "Sista," Makhanu akasema, "Chrispinus ni mimi. Huyo umedunga ni nani?"

Daktari, penisilini humdhuru Mzee. Tangu ujana wake ikimgusa humfurisha. Nanjala alikuwa amemweleza sista wa asubuhi ya Jumatatu, naye, tunaamini, aliandika mahali fulani. Nanjala angekuwa pale, angesema tena. Angesema maneno mawili tu: si yake. Lakini yeye alikuwa nje ya lango, akichuma nyasi kwa vidole, akingoja saa kumi, wageni waruhusiwe tena.

Sista yule alikimbia. Tunamshukuru kwa kukimbia. Alileta dawa ya kumfungua pumzi, na Mzee hakufa. Lakini pumzi ilikuwa imekatika kwa muda, na tangu siku hiyo upande wake mmoja umelegea na ulimi wake umekuwa mzito. Anaelewa kila neno. Alikuwa akicheka Makhanu akimtania. Ila hawezi tena kusema jina lake.

Tafadhali lipime hilo, mgeni rasmi. Mwenye jina hawezi kulisema, na anayemlea haruhusiwi kulitamka. Nayo kadi inasema uongo.

YALIYOFUATA

Usiku ule Nanjala alilala kwa jamaa yake Khayega. Asubuhi alinunua kipande cha kitambaa cheupe cha marekani na kibiringo cha uzi mwekundu, akaazima cherehani, akashona utepe wa upana wa vidole viwili. Juu yake alishona jina. Yote mawili, la ubatizo na la ukoo, herufi kubwa, pasipo kosa. Chini yake akashona: HAPANA PENISILINI.

Alipouleta wodini, mmoja wetu alimwuliza, "Nanjala, na mwiko?"

"Mwiko ni wa mdomo," alisema. "Sindano yangu haijaolewa."

Hakuufunga mwenyewe mkononi mwa Mzee, maana hilo lilikuwa mwiko mwingine. Aliuweka juu ya kistuli na kugeukia dirishani. Makhanu ndiye aliyeufunga, akiusoma kwa sauti herufi baada ya herufi, naye Nanjala akajiziba masikio kwa leso huku akicheka na kulia.

Siku ya pili, mama mmoja wa Lugari aliomba wa mumewe. Siku ya tatu waliomba watu sita. Kufikia mwisho wa mwezi kila mkono katika Wodi ya Nne ulikuwa na utepe wake.

MAFANIKIO

Leo ni wiki kumi na mbili tangu utepe wa kwanza. Katika wiki hizo hakuna mgonjwa wa Wodi ya Nne aliyepewa dawa ya mwenzake. Tumetaka kulisema hili polepole ili makarani walioketi mbele waliandike.

Tulikaribia mara moja. Mwezi wa tano walilazwa pamoja Wanjala mmoja na Wanzala mmoja, na kwa jinsi tunavyotamka pande hizi, hata mama zao wangegeuka wote wawili. Ililetwa chupa ya damu.

"Wanjala?"

"Sista, soma mkono," mgonjwa akamwambia. "Mimi ni wa zeti. Yule wa jei ako dirishani, na hiyo damu ni yake. Usininyime yangu, lakini ya mutu sitaki."

Sista alisoma. Akaenda dirishani, akasoma na wa pale. Tangu siku hiyo, wauguzi wa wodi hii, bila kuagizwa na mtu, husoma mkono kwanza ndipo wafungue dawa. Mlezi akiwapo, huulizwa, "Huyu ni nani, na dawa gani humdhuru?" Hapo awali swali kama hilo lilionekana ni dharau kwa muuguzi. Sasa ni salamu ya wodi.

Hatukufundishwa na mtaalamu. Tulifundishwa na kosa, na kosa ni mwalimu ghali. Tungependa hospitali nyingine zijifunze bure kutoka kwetu.

MATATIZO

Tarehe tatu Mei, Kamati ya Hospitali ilimwita Nanjala. Alifikiri anaitwa apewe pole. Aliketishwa kwenye kiti kimoja mbele ya meza yenye watu saba.

"Kwa nini ulitoa jina la uongo?"

"Sikutoa uongo. Nilitoa jina ambalo mimi naruhusiwa."

"Haya, litaje sasa jina lake la kweli mbele ya kamati, tulisahihishe yaishe."

Nanjala aliushika mkoba wake kwa mikono miwili. Sauti moja pale mezani ikasema, "Mnaona? Hata sasa halijui." Wengine wakacheka.

Aliyesema neno alikuwa Bwana Kipsang, aliyekuwa amesimama mlangoni kwa zamu yake. "Mwenyekiti, nisamehe," alisema. "Hata kwetu bibi hatajangi baba ya bwana. Mama yangu alikufa bila kutaja jina ya babu. Anajua. Anajua kuliko nyinyi wote." Aliambiwa alinde mlango, si mazungumzo.

Nanjala alifungua mkoba wake, akatoa kitambaa alichokuwa ameshona jina lile lile, akakiweka mezani na kugeuka akatazama ukuta. Hakuna aliyekichukua. Jibu lilikuja kwa barua siku iliyofuata. Tunaikariri: "Jamaa wa mgonjwa alitoa maelezo ya uongo yaliyosababisha madhara, na kwa usalama wa wagonjwa haruhusiwi kuingia eneo la hospitali."

Kwa usalama wa wagonjwa, Daktari. Aliyeleta usalama amefungiwa nje kwa jina la usalama.

Kisha ukaja ugumu mwingine ambao mtu angeutunga tungemwambia amezidisha. Tuliomba kadi ya Mzee isahihishwe. Tukajibiwa kwamba kadi husahihishwa na aliyeiandikisha, akifika mwenyewe dirishani na kulitaja jina sahihi. Aliyeiandikisha haruhusiwi kupita langoni. Na angepita, hawezi kutaja. Tulipoandika barua kumwomba mwanawe wa Voi aje, hatukupata jibu. Basi mpaka asubuhi hii, juu ya kitanda cha kumi na saba, kadi inasema Chrispinus Mayoni.

Nanjala hakurudi Mayoni. Alileta cherehani yake, akaiweka chini ya kibaraza cha duka lile mnaloliona, hatua ishirini kutoka langoni. Kila mgonjwa anapolazwa, jamaa humpelekea karatasi yenye jina, naye hushona. Vitepe hufika wodini. Hatutasema hufikaje.

Halafu ikaja ziara yako. Jumanne kilibandikwa kikaratasi: "Vitambaa vyote visivyo rasmi viondolewe mikononi mwa wagonjwa kabla ya Ijumaa, wodi ionekane nadhifu." Juzi alipita mtu na mkasi. Alikata kumi na tisa tukiwa nje. Aliukata na wa Mzee.

Mgeni rasmi, utakapopita wodini leo, tunakuomba usitazame shuka, ambazo ni mpya na zitarudishwa stoo kesho. Tazama mikono. Utakuta vitepe hamsini na viwili. Vile kumi na tisa vilishonwa upya jana, kati ya asubuhi na adhuhuri, na mwanamke mmoja na mguu wake juu ya kanyagio la cherehani. Tumeambiwa atakayekutwa na kitambaa leo ataandikiwa kutoka. Waandikeni wote. Tutawabeba wagonjwa wetu hamsini na wawili mpaka kwenye nyasi hizi, kila mmoja na jina lake mkononi, na mgeni rasmi atawaona huko. Lakini hatutavitoa. Hatutavitoa leo, wala baada ya gari lako kuondoka, wala mkasi ukirudi Jumatatu.

Na Jumatatu ndiyo inayotutoa usingizi. Kidonda kimepanda. Jumatatu saa tatu asubuhi Mzee anapelekwa chumba cha upasuaji kukatwa mguu wa kushoto. Atalala mbele ya madaktari wasiomjua, na ulimi usiosema, na kadi ya mtu asiyekuwako. Chrispinus Makhanu, aliyekuwa mdomo wake, alipona, akaruhusiwa kwenda nyumbani juma lililopita. Alitaka kubaki. Filimbi ilimtoa yeye pia.

MAOMBI

Tulifundishwa kwamba risala huomba kwa unyenyekevu. Tumejaribu. Barua zetu tano za unyenyekevu ziko kwenye faili, kama faili hilo lipo. Leo tunaomba tukiwa wima.

Kadi ya Mzee isahihishwe leo hii, mbele yako, kwa kufuata utepe ulio mkononi mwake. Kalamu tunayo.

Utepe wa jina uwe sheria ya hospitali hii, kila wodi, tangu mgonjwa anapofika dirishani, na yule karani aulize swali la pili: "Kama huwezi kulitaja, nani atalitaja au kuliandika?" Swali hilo halichukui muda mrefu kuliko kicheko.

Kila mgonjwa asiyeweza kujisemea awe na mlezi mmoja mwenye cheti, ambaye filimbi haimhusu. Wengine wote tuko tayari kutoka saa saba na nusu, tukiwa tumenawa mikono. Na maneno HAKUNA KUULIZA yafutwe pale juu. Mahali palipo na sindano, kuuliza si utovu wa adabu.

Na Nanjala aingie. Hatuombi asamehewe, kwa kuwa hatulioni kosa lake. Tunaomba asimame mlangoni pa chumba cha upasuaji Jumatatu saa tatu, aulizwe, "Ni huyu? Ni mguu upi?" Atajibu bila kuvunja heshima ya mtu yeyote. Ameshajitayarisha. Ameshona utepe wa pili, wa kufungwa kwenye mguu wa kulia, wenye maneno mawili tu: SI HUU.

ZAWADI NA HITIMISHO

Desturi ni kumpa mgeni zawadi. Hatukuleta kuku, ingawa kuku wa Kakamega wana sifa zao. Tumekushonea utepe wenye jina lako, kwa uzi mwekundu. Usitudhanie vibaya. Hatukuombei ugonjwa. Ila kila apitaye langoni hapa, mkubwa au mdogo, siku moja anaweza kupita amelala, na siku hiyo tungependa ajulikane ni nani.

Sasa, Daktari, mkasi unakungoja kwenye sinia, na utepe mpya umefungwa toka nguzo mpaka nguzo. Tumeupima kwa macho. Ni kama yadi nane za kitambaa cheupe kizuri. Tunakuomba usiukate. Ufungue fundo kwa mikono yako uliyoinawa, uukunje, uvuke hatua ishirini, umpe yule mwenye cherehani. Unatosha wodi nzima. Halafu urudi naye. Ufunguo wa lango dogo uko kwa Bwana Kipsang, ambaye tulipomwuliza asubuhi alituambia, "Mimi nangoja kuambiwa tu. Nikiambiwa, nitafungua haraka kuliko filimbi."

Utaona kwamba tangu risala ianze hakuna hata mmoja wetu aliyeketi, ingawa viti vimepangwa. Hatutaketi mpaka aingie.

Mungu akubariki, Daktari, kwa jina lako. Awabariki wauguzi wetu kwa majina yao, na yule sista kijana aliyekimbia. Awabariki wa jei na wa zeti. Na ambariki mgonjwa wa kitanda cha kumi na saba, ambaye kwa jina lake la kweli ni PATROBA WANGILA. Tumelitamka sisi, kwa sauti ya kufika nje ya lango, kwa kuwa kinywa kinacholiheshimu kuliko vyote hakiwezi kulitamka.

Nanjala, unaweza kuondoa leso masikioni. Tumemaliza.

Ni sisi, tukiwa tumesimama,

Umoja wa Walezi wa Wagonjwa, Wodi ya Nne,
Hospitali ya Shilukwe, Kakamega.

Imesomwa kwa niaba yao na Maximilla Mideva, mwanafunzi wa chuo kikuu, binti wa mgonjwa wa kitanda cha tisa.